Kijembe cha Mama Mkwe Kimefika Asilimia Arobaini na Moja

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya ofisi kati ya maboksi ya sabuni, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mkuu wangu hanifuati kuniambia nitabasamu, na ninaomba unijibu upesi kabla mabango hayajaenda kwa mchapaji, maana yakishachapwa uso wangu utabandikwa kwenye kila bomba la maji la eneo hili, na chini yake pataandikwa kwamba mtu akinigusa anawe.

Nianze mwanzo usije ukadhani nimerukwa na akili. Mimi ni mwanamke niliyejitengeneza mwenyewe, sikubebwa na mjomba wala shangazi, nilianza kwa kuuza mkaa kwa kopo na hesabu nilijifunzia hapo hapo, kwa sababu kopo lisipojaa mteja anaondoka na likifurika biashara inaondoka, nikaja nikapata kibarua cha kuhoji watu nyumba kwa nyumba, nikajiendeleza, na leo mimi ndiye ninayetunga madodoso katika shirika linalowasaidia watu waliohamishwa na mafuriko. Kazi yenyewe inaitwa utafiti wa maarifa, mitazamo na mienendo, jina refu lakini jambo lenyewe dogo: unamuuliza mtu anajua nini, anaonaje, na anafanya nini hasa, ili mradi ujue pa kuanzia. Safari hii tulikuwa tunauliza kuhusu kunawa mikono, kwa sababu watoto wa makazi haya wanaharisha, na sabuni tunazogawa hatujui zinaishia wapi.

Sasa dodoso halipelekwi kwa watu likiwa bichi. Lazima ulijaribu kwanza kwa watu wachache uone swali lipi linawakwama kooni, na sheria inasema unapojaribia pasiwe ndani ya eneo la utafiti wenyewe, kwa kuwa watu wa hapo watakuwa wameshayasikia maswali. Hilo nalijua kuliko jina langu. Lakini siku ya majaribio gari liliharibika, nami naishi mwendo mfupi wa miguu kutoka Sehemu ya Tatu ya makazi, anakokaa mama mkwe wangu tangu maji yalipochukua nyumba yake, na Sehemu ya Tatu haikuwemo katika sampuli yetu, basi nikasema moyoni, ya nini kuhangaika, nitajaribia kwa wakwe, hawatanifukuza.

Hawakunifukuza, mshauri. Afadhali wangenifukuza.

Mama mkwe ndiye mwenye ufunguo wa bomba la Sehemu ya Tatu, na bomba hilo ndilo lenye maji ya nguvu kuliko yote, kwa hiyo hata watu wa Sehemu ya Pili na ya Nne wanaleta ndoo zao pale, na hakuna ndoo inayosogea bila yeye kuisogeza kwa macho. Watu wanamwita Jemadari. Nilimkuta kwenye kigoda chake pembeni ya bomba, wifi yangu akimsuka, foleni imejaa. Nilikuwa nimevaa kizibao cha kazi, nina haraka, nikampa mkono, nikajipaka kitakasa mikono kama tunavyofundishwa, nikafungua kishikwambi na kuanza swali la kwanza, nikalisoma neno kwa neno bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka.

"Baada ya kutoka chooni, huwa unanawa mikono kwa sabuni, kwa maji matupu, kwa majivu, au hunawi kabisa?"

Wifi akaacha kitana hewani.

"Unaniuliza mimi?" mama mkwe akasema.

"Ndiyo, mama, ni swali tu. Tunamuuliza kila mtu."

"Kila mtu. Haya. Andika nanawa, kwa sabuni. Endelea."

"Taja nyakati zote ambazo ni muhimu mtu anawe mikono."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kwa sauti ya kufika mpaka ndoo ya mwisho: "Baada ya choo. Baada ya kumsafisha mtoto. Kabla ya kupika. Kabla ya kula. Kabla ya kumlisha mtoto." Matano yote, mshauri, kama ameyasoma kitabuni. Kisha mkono wa pili ukainuka, kidole cha sita kikasimama, akanitazama usoni na kusema, "Na baada ya kumpa mkono mke wa mwanao."

Foleni ilicheka mpaka ndoo zikagongana. Wifi aliangusha kitana. Mimi nikabonyeza palipoandikwa "Mengineyo", nikaandika alivyosema kwa sababu kila jibu huandikwa, nikashukuru, nikaondoka huku shingo inawaka. Nyumbani nikamweleza mume wangu, ambaye ni fundi wa mageti, nikamtaka aende akazungumze na mama yake, naye alicheka mpaka akaketi sakafuni, halafu akasema, "Mimi ni mume tu, mke wangu. Filimbi ya refa sina."

Ningemeza hilo likapita. Lakini baadaye watu wa Sehemu ya Sita walihamishiwa kwenye uwanja mwingine, tukakosa kaya zao, na mpanga sampuli akachukua Sehemu ya Tatu kuziba pengo. Hapo ndipo ilinipasa niseme, subirini, pale nilijaribia dodoso. Sikusema. Nilijua nitaulizwa kwa nini nilijaribia kwa wakwe badala ya kutafuta gari jingine, na nilikuwa nimeahidiwa kwamba utafiti mkubwa wa mwisho wa mradi nitauongoza mimi, si kama msaidizi bali kama kiongozi, na mtu aliyetoka kwenye mkaa haonewi huruma akikosea, anaambiwa ndiyo tulijua. Nikanyamaza nikajiambia jibu moja la mzee mmoja litaharibu nini.

Wahoji wakaenda. Matokeo yakarudi. Kaya mia nne kumi na mbili. Nikafungua safu ya "Mengineyo", ambayo kwa kawaida huwa na majibu mawili matatu ya watu waliochoka, nikakuta mia moja sitini na tisa. Watu mia moja sitini na tisa wamejibu kwamba mtu anapaswa kunawa mikono baada ya kumpa mkono mke wa mwanawe. Nilihesabu kwa mashine, nikahesabu kwa kidole. Asilimia arobaini na moja. Wamo wanaume. Yumo kijana asiye hata na mchumba, achilia mbali mtoto wa kuoa.

Nikagawanya kwa sehemu ndipo nikaona mchezo. Sehemu ya Tatu, tisini na mbili kwa mia. Sehemu ya Pili na ya Nne, karibu nusu. Ya Kwanza, kumi na moja. Ya Tano, sita. Kadiri unavyolisogelea bomba la mama mkwe ndivyo jibu linavyonuka, kama kitunguu kinachokaangwa.

Nikambana wifi. Kumbe nilipoondoka siku ile, mama mkwe aliwaambia watu wa foleni kwamba wahoji watapita siku yoyote, na mtu asije akaaibisha Sehemu ya Tatu. Watu wakaingiwa na hofu kwamba atakayekosa majibu atakatwa sabuni. Basi kila mwenye ndoo kabla ya kufunguliwa maji akawa anaulizwa, "Tunanawa lini?" naye ajibu, akikosa anarudi nyuma ya foleni. Na lile la sita waliliimba pamoja na mengine, kwa sababu, alivyosema wifi bila hata kuona haya, "Wifi, si wewe ndiye unayetunga mtihani? Sasa mama wa mume wako akitaja majibu, nani atabisha? Watu walijua limevuja kutoka chumbani kwako."

Mtihani! Mshauri, mtihani umevuja na mwanafunzi hodari ndiye aliyenitukana.

Na cha kuchekesha zaidi, watu wote hao wanaojua kunawa mara sita, tulipowaomba watuonyeshe sabuni, tuliikuta kwa kaya tisini na tano tu. Kwenye nyumba nne mfululizo tulionyeshwa sabuni ile ile ya kijani yenye alama za meno ya panya, ikitutangulia kwa mlango wa nyuma kama mgeni wa heshima.

Sasa sikiliza balaa. Mkuu wetu wa mradi ni mtu mwema, elimu anayo ya kugawa na kubakiza, ila ana ugonjwa wa kuona dhahabu kila mahali, ndiyo maana ofisini tunamwita Bwana Dhahabu. Alipoona ile asilimia arobaini na moja alisimama kitini.

"Unajua hii ni nini?"

"Ni mengineyo," nikasema.

"Hii ni dhahabu! Hili halimo katika mwongozo wowote. Jamii hii ina imani yake juu ya mkono wa mke wa mwana, na sisi miaka yote tunapita juu yake na maboksi ya sabuni!"

Nikasema labda ni mzaha tu wa watu. Akasema, "Mzaha wa asilimia arobaini na moja?" Hapo akanishinda kwa silaha yangu mwenyewe.

Akataka tumhoji mzee wa jamii kwa kina. Akauliza ni nani anayeheshimiwa kuliko wote pale. Wahoji wote wakajibu kwa pamoja: Jemadari. Basi tukaenda, yeye na maswali, mimi na kinasa sauti, tukakaa mbele ya mama mkwe wangu, naye Bwana Dhahabu hana habari kwamba huyo ni mama mkwe wangu, na mama mkwe hakumwambia, alikunja mikono tu kama mtu anayesubiri pilau.

"Mama, hii desturi ya kunawa baada ya kumpa mkono mke wa mwanao, ni ya siku nyingi?"

"Ya zamani, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanangu alipooa."

Bwana Dhahabu akaandika: tangu zamani. "Na chanzo chake ni nini hasa?"

Mama mkwe akanielekeza kwa kidevu. "Mwulize huyo mwenye kinasa. Yeye ndiye aliyeanza."

Bwana Dhahabu akacheka sana, akadhani anasema mimi ndiye mtunga maswali, akaniambia njiani, "Mzee ana ucheshi huyo!" Nami nikaitikia kwa kichwa.

Leo imeamuliwa kwamba patachapwa mabango. Picha ya mama mtu mzima, picha ya mke wa mwana, mikono imeshikana, pembeni ndoo na sabuni, na maneno: "Umempa mkono mke wa mwanao? Kumbuka kunawa." Mchoraji akataka mtu wa kuiga sura yake ili amchore huyo mke. Bwana Dhahabu akaangaza ofisini, akasema mimi nina uso wa mkwe mwema. Nimepigwa picha, mshauri. Nimetabasamu. Nimenyoosha mkono hewani kama naomba nauli.

Nikisema ukweli, utafiti wangu unaingia doa, uongozi niliouhangaikia nauona unakwenda kwa mwingine, na mama mkwe anaitwa mharibifu wa kazi za watu, nyumba yangu inawaka moto. Nikinyamaza, nitachota maji maisha yangu yote nikijitazama ukutani kama uchafu. Na ukweli kabisa, kinachonikereketa kuliko hayo ni kwamba sijui nilimkosea nini yule mama, kwani namheshimu, kila mwezi nampelekea mahitaji, wala siku moja sijamjibu vibaya. Nifanyeje, niseme au ninyamaze?

Mimi,
Mke wa Mwanawe

*

Mke wa Mwanawe,

Toka stoo kwanza, mwanangu. Hizo sabuni zina kazi nyingine.

Nimecheka, sikufichi, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama nimepewa barua au nimepewa vichekesho. Pole hata hivyo. Kuchekwa na foleni nzima ukiwa umevaa kizibao cha kazi si jambo la kumeza kwa maji, na aliyekuchekea sakafuni nyumbani mwambie nimesema geti lake mwenyewe limelegea bawaba.

Sasa unaniuliza useme au unyamaze. Hilo si swali, hapo unavuta muda tu, na muda wenyewe ni wa mchapaji, siyo wako. Utasema. Leo. Kabla ya kula.

Na ukienda kwa huyo Bwana Dhahabu usianze kwa kumtaja mama mkwe, maana ukianza naye utaonekana mwanamke anayegombana na wakwe kwa kutumia takwimu. Anza na yako. Mwambie, nilijaribia dodoso Sehemu ya Tatu, na ilipoingizwa kwenye sampuli nilinyamaza. Maneno hayo yatoke kinywani mwako mwenyewe, mapema, kwa sababu yakichimbuliwa na mwingine yatatoka na udongo. Halafu mwekee mezani ile hesabu yako ya sehemu kwa sehemu: tisini na mbili, nusu, nusu, kumi na moja, sita. Mwonyeshe bomba liko wapi. Akiwa na macho ataona mwenyewe kwamba imani ya kale haipungui kwa umbali wa ndoo. Imani ya kale ingekuwa Sehemu ya Tano pia, kwa sababu nako kuna wenye wana waliooa.

Je, utaupoteza uongozi? Huenda. Sitakudanganya kwa kukupa moyo wa bure. Lakini fikiria wewe uliyeuza mkaa: mteja akigundua kopo lako lina tambara chini, atarudi? Na akikuona umelitoa tambara mwenyewe mbele yake, je? Watoto wa hapo wanaharisha, uliandika wewe mwenyewe kwa mstari mmoja ukapita haraka. Bango lile likibandikwa, watu watanawa baada ya kukushika mkono na kusahau baada ya kumsafisha mtoto, na hapo hutakuwa umeaibika peke yako.

Kazi yenyewe inaokoleka. Sehemu ya Kwanza na ya Tano ziripotiwe kando, na hizo tatu za bombani useme wazi kwamba majibu ya maarifa yalikaririwa, asiyatumie mtu. Ile hesabu ya sabuni, kaya tisini na tano, ishike kwa mikono miwili, maana hiyo ndiyo iliyoonwa kwa macho, ijapokuwa nayo ina sabuni moja yenye miguu. Mkirudi kwa watu, mhoji atoke mbali, asiwe mke wa mtoto wa mtu. Yeye aingie nyumba moja na mwenzake nyumba ya jirani, kwa wakati mmoja, tuone huyo mgeni wa kijani atapita mlango upi. Kabla ya swali lolote watu waambiwe, na warudie kwa midomo yao, kwamba hakuna jibu litakalompa mtu sabuni wala kumnyima. Na jamani, msianze na choo! Omba kwanza kuonyeshwa mahali pa kunawia. Mtu akikuonyesha mahali, mazungumzo yanakuja yenyewe, na ya chooni yatafika kwa miguu yake.

Jambo jingine umelipita kama umeliruka. Huyo mama, kwa ufunguo mmoja na kigoda kimoja, amefundisha sehemu tatu za makazi nyakati tano za kunawa, kwa muda ambao ofisi yenu ingekuwa bado inajadili rangi ya bango. Watu wamejua. Wanachokosa ni sabuni kukaa mahali pake na mazoea ya kuigusa. Mwambieni awaulize watu wa foleni swali jingine: "Sabuni yako umeiacha wapi?" Atakayejibu vibaya, mnajua anakokwenda.

Sasa tuje kwenye lile lililokukereketa kuliko yote. Unasema hujui ulimkosea nini.

Rudi kwenye barua yako, pale ulipofika bombani. Uliandika hivi: nikampa mkono, nikajipaka kitakasa mikono, nikafungua kishikwambi. Umeandika kama mtu anayesema alifungua mlango akawasha taa. Mimi nimesoma hapo mara tatu.

Mwanangu! Ulimpa mama wa mume wako mkono, mbele ya binti yake, mbele ya ndoo zote, kisha papo hapo ukautakasa. Hukukaa. Hukuuliza ameamkaje. Mama aliyepoteza nyumba kwa maji, aliyebaki na kigoda na ufunguo na heshima yake ya foleni. Halafu swali la kwanza kutoka kinywani mwako likawa kama ananawa akitoka chooni.

Ulimwomba ataje watu wananawa lini. Akakutajia matano ya kitabuni, na la sita akataja alichokuwa amekiona kwa macho yake muda huo huo. Hukuona ni mikono ya nani iliyotakaswa? Siyo yake. Mke wa mwana ndiye aliyenawa baada ya kumshika mama mkwe. Yeye aligeuza tu upande ili akurudishie. Na hata pale mbele ya kinasa alikuambia kwa Kiswahili chepesi: yeye ndiye aliyeanza. Bwana Dhahabu hakuelewa kwa sababu hakuwepo. Wewe ulikuwepo.

Sisemi ulifanya kwa dharau. Najua ni mazoea ya kazi, mkono unakwenda wenyewe kwenye kichupa kama wa dereva kwenye gia. Lakini wewe ndiye unayelipwa kutofautisha mtu anachojua, anachoona, na anachofanya. Kwamba unamheshimu, huo ni mtazamo wako. Na mahitaji ya kila mwezi ni mazuri, tusiyabeze. Mwenendo wako waliuona watu wa foleni.

Kijembe chake kilikuwa kikali kupita kiasi, hilo namwambia na yeye akisoma ukurasa huu, na wifi yako aache kucheka na kitana mkononi, atamtoboa mtu. Lakini mkubwa haombwi radhi kwa ujumbe wa simu, wala kupitia kwa mumeo, wala kwa furushi la mahitaji. Aliaibika hadharani, basi hadharani ndiko utakakokwenda.

Ukimaliza na Bwana Dhahabu, rudi nyumbani, vua kizibao. Kishikwambi kiache, na hicho kichupa kiache. Nawa mikono yako huko huko kwako, kwa sabuni, vizuri, mpaka kwenye kucha. Kisha nenda bombani saa ambayo foleni imejaa, uchukue ndoo iliyogeuzwa, uketi chini kuliko kigoda chake, umwamkie kama mtoto wake, umwulize habari zake mpaka zimwishe. Mwambie, mama, siku ile niliupaka mkono dawa mbele yako, sikuona nilichofanya, nisamehe. Usieleze kanuni za kazi. Usitaje asilimia.

Halafu mpe mkono. Foleni nzima itautazama huo mkono wako baada ya hapo. Uweke pajani, waache watazame.